Hadubini na Darubini: Historia ya Kusoma Vioo vya Maradhi kutoka Mbali

Siku moja nilipokuwa nikifundisha msamiati wa sayansi katika darasa langu hapa Bujumbura, mwanafunzi mmoja alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, darubini na hadubini ni ndugu?" Wenzake walicheka, lakini swali lake halikuwa la kuchekwa. Darubini ni neno la kale katika lugha yetu. Asili yake ni Kiajemi, ambako "dur" ni mbali na "bin" ni kuona. Kwa hiyo darubini ni chombo cha kuonea vilivyo mbali. Hadubini ni neno jipya zaidi, lililoundwa kwa mfano wa lile la kwanza ili kutaja chombo cha kuonea vilivyo vidogo mno. Kabla halijaenea, wazee wengi walitumia neno darubini kwa vyombo vyote viwili, na hata leo hapa kwetu, kwa athari ya Kifaransa, watu wengi husema mikroskopi.

Nilimjibu kwamba ni ndugu wa sura, lakini kila mmoja ana kazi yake. Baadaye nilipotafakari niliona kwamba jibu langu lilikuwa pungufu. Maana katika miaka yetu hii ndugu hao wawili wamekutana katika kazi moja. Daktari aliye mbali, pengine ng'ambo ya bahari, hutazama kitu kidogo mno kilicholazwa juu ya kipande cha kioo katika hospitali ya huku kwetu, akatoa hukumu ya ugonjwa. Hapo hadubini inafanya kazi ya darubini. Tena jambo hilo, ambalo zamani lilihitaji mitambo ya thamani kubwa, sasa linawezekana hata kwa simu ya mkononi. Madhumuni ya makala hii ni kueleza kwa ufupi historia ya jambo hilo katika nchi zetu za Maziwa Makuu na za pwani, na kuuliza limemfaa nani.

KARATASI ILIYOCHELEWA

Sina budi kusema kwanza kwa nini mwalimu wa lugha anajitia katika mambo ya waganga. Mwaka 2004, nilipokuwa bado mwanafunzi wa ualimu, mjomba wangu aliyekuwa akikaa Buyenzi alivimba tezi za shingoni. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Hospitali moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilimkata kipande kidogo cha nyama ya tezi, kikatiwa katika chupa yenye dawa ya kuhifadhi, na sisi jamaa tukaambiwa tusubiri, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kukisoma. Chupa ilifungwa vizuri, akapewa msafiri wa ndege aliyekuwa akienda Ulaya. Wiki zikapita. Kila Jumatatu mkaza mjomba alikwenda kuuliza, na kila Jumatatu aliambiwa, "Bado." Mjomba alifariki katika wiki ya tisa. Karatasi ya majibu ilifika katika wiki ya kumi na moja.

Niliitwa niisome, kwa sababu mimi ndimi niliyehesabiwa kuwa msomi wa ukoo. Ilikuwa mistari sita ya Kifaransa cha kitabibu. Niliipeleka kwanza kwa daktari mmoja anieleze, kisha nikarudi nyumbani nikaifasiri kadiri nilivyoweza: kwamba ni saratani ya tezi, ya namna fulani. Mkaza mjomba, ambaye alikuwa bado katika eda, aliniuliza, "Mwanangu, ugonjwa huo una dawa?" Daktari alikuwa amekwisha kuniambia kwamba namna ile mara nyingi husikia tiba ikiwahiwa. Nikamwambia, "Unayo, mama." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi karatasi hii ilikuwa ya nani?"

Swali hilo sikuweza kulijibu siku ile. Ndilo linaloniongoza katika makala hii.

KUTENGENEZA NA KUSOMA

Yafaa msomaji aelewe kwamba kazi ya hadubini ina sehemu mbili, nazo ni kutengeneza kioo na kukisoma. Kama ni damu, tone moja hupakwa juu ya kioo, hukaushwa, hutiwa rangi. Kama ni nyama ya mwili, kazi ni ndefu zaidi: kipande hukazwa kwa dawa ili kisioze, huondolewa maji, hutiwa ndani ya nta, kisha hukatwa kwa mashine yenye makali ya wembe mpaka zipatikane tabaka nyembamba zenye unene wa sehemu tatu hadi tano za elfu moja ya milimita. Tabaka hizo hulazwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili, moja ya zambarau itokanayo na gogo la mti wa Amerika ya Kati, na nyingine ya waridi. Bila rangi hizo chembe za mwili hazionekani sawasawa, kama maandishi yaliyoandikwa kwa maji.

Sehemu ya pili ni kusoma. Msomaji wa nyama huitwa mwanapatholojia. Huyo husomea udaktari kwanza, kisha huongeza miaka mingine minne au zaidi ya kutazama vioo kwa maelfu mpaka jicho lake litambue chembe njema na chembe mbaya kama mwalimu mzoefu atambuavyo mwandiko wa kila mwanafunzi wake. Kwa sababu hiyo, katika nchi zetu vyombo vilitangulia kupatikana na wasomaji wakachelewa. Hospitali yaweza kununua hadubini kwa siku moja, lakini haiwezi kununua miaka kumi ya masomo.

MACHO YALIYOKUJA NA CHOMBO

Historia ya hadubini katika eneo letu inaanza na magonjwa ya vimelea. Mwaka 1897 na 1898 Robert Koch, mtaalamu mashuhuri wa Ujerumani, alikaa katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani akichunguza malaria. Alirudi mwaka 1905, akaonyesha kwamba papasi wanaojificha katika sakafu za vibanda vya njia za misafara ndio wanaoeneza homa ya kujirudia, ile ambayo wenyeji wengi waliijua tangu zamani kuwa ni homa ya papasi. Kwa hiyo hadubini ilithibitisha jambo ambalo lugha ilikuwa imekwisha kulitaja.

Lakini ugonjwa uliowatia hofu kubwa watawala wa wakati ule ulikuwa malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Habari ya kugunduliwa kwa kimelea chake ina mafunzo kwetu. Mwaka 1901 daktari mmoja wa serikali huko Gambia, Robert Forde, aliona vijidudu vikicheza katika damu ya mgonjwa, lakini hakuvitambua. Alidhani ni namna ya minyoo ya damu. Mwenzake Joseph Dutton alipotazama baadaye, alitambua kwamba ni tripanosoma. Mwaka 1902 Aldo Castellani, akiwa Entebbe, aliviona vijidudu hivyo katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa wa malale, naye pia hakukivalia njuga alichokiona, kwa kuwa alikuwa ameshikilia kwamba ugonjwa unatokana na bakteria. David Bruce alipofika mwaka 1903 ndipo jambo hilo lilipofuatiliwa na kuthibitishwa. Watu hawa wote walikuwa na macho na walikuwa na vyombo vizuri. Hata hivyo, ni dhahiri kwamba kuona si kusoma.

Malale yalifika pia katika Ziwa Tanganyika. Kabla ya vita vya 1914 Wajerumani walifungua kambi za malale kandokando ya ziwa hili, na Usumbura, yaani Bujumbura yetu ya leo, ilikuwa mojawapo ya vituo vyao. Njia yao ya kutafuta wagonjwa ilikuwa hii. Wenyeji walioajiriwa walikwenda vijijini kupapasa shingo za watu, kwa kuwa mgonjwa wa malale huvimba tezi za shingoni. Aliyepatikana na tezi alipelekwa mbele ya daktari, naye alimchoma sindano katika tezi, akavuta tone la maji, akalitazama papo hapo. Ilibidi atazame papo hapo kwa sababu tripanosoma hutambulikana kwa wepesi vikiwa hai na vinacheza. Kwa hiyo katika zama hizo kioo hakikusafiri. Chombo na msomaji wake walikuja pamoja mpaka ukingoni mwa ziwa.

Je, majibu yalirudi kwa mgonjwa? Yalirudi upesi, lakini si kama neno la kumwelimisha. Yalirudi kama amri ya kuhamishwa au ya kuingia kambini. Dawa iliyotumika, iitwayo atoksili, ilikuwa na sumu ya aseniki ndani yake, na baadhi ya wagonjwa waliotibiwa nayo walipofuka macho. Watu wengi walikimbia kambi. Waliopapasa shingo walikuwa watu wa hapa, lakini hakuna aliyewafundisha kuwa wasomaji. Mwaka 1916 Wabelgiji waliichukua Usumbura, Wajerumani wakaondoka, na macho yao wakaondoka nayo.

KIOO KINACHOSAFIRI

Zama za pili zilikuja na ndege. Mfano wake mkubwa uko kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba mataya yote mawili. Baada ya muda aliona mtoto mwingine wa namna ile ile katika hospitali ya Jinja. Akaanza kuandika habari zao, na mwaka 1958 akazichapisha. Kisha akafanya jambo ambalo sisi walimu tungelipenda: alipeleka kwa posta karatasi zenye picha za wagonjwa katika hospitali nyingi za Afrika, akiuliza, "Je, mmeuona ugonjwa huu?" Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya maili 10,000 kwa gari kuukuu, kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, wakienda hospitali kwa hospitali. Waligundua kwamba ugonjwa huo hupatikana mahali pa joto na mvua, na ni nadra katika nyanda za juu zenye baridi.

Hata hivyo, picha za mataya peke yake hazingetosha. Kilichoonyesha kwamba uvimbe huo ni saratani ya namna moja, ijapokuwa ulitokea katika mataya, tumboni na kwingineko, ni vioo vilivyosomwa Kampala kwenyewe na wanapatholojia wa Makerere, kama Jack Davies na Gregory O'Conor. Kampala ilikuwa na wasomaji, tena ilikuwa na daftari la kuandikisha saratani tangu miaka ya 1950.

Mwezi wa Machi 1961 Burkitt alitoa hotuba mjini London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein. Huyo aliomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakupata kitu. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege moja iliyochukua kipande ilizuiliwa na ukungu wa London ikatua Manchester, na kipande kikachelewa. Kilipofika, maji yake yalikuwa yametibuka kama kwamba yameoza. Epstein hakuyamwaga. Alitazama tone moja kwa hadubini, akaona kwamba kilichotibua maji ni chembe hai za saratani zilizoachana na kipande na kuelea. Chembe hizo zilioteshwa, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walionyesha kwa hadubini ya elektroni virusi vilivyokuwamo ndani yake. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Ulimwengu wote ulifaidika na vipande vile vya nyama ya watoto wa Uganda. Na watoto wa Uganda nao walifaidika, kwa kuwa madaktari wa Kampala waliutambua ugonjwa na katika miaka ya 1960 wakawatibu wengi kwa dawa. Hapo karatasi haikukosa mwenyewe. Lakini angalia sababu yake: Kampala iliweza kupeleka vipande mbali bila ya kungojea jibu la mbali, maana macho ya kusoma yalikuwapo nyumbani. Baada ya mapinduzi ya Idi Amin mwaka 1971 wataalamu wengi waliondoka, na kazi iliyojengwa kwa miaka mingi ikalegea kwa miaka michache.

Mahali ambapo hapakuwa na wasomaji, kioo kinachosafiri kilikuwa na hadithi nyingine. Chupa ilingoja msafiri, msafiri alingoja ndege, kipande kilingoja zamu yake katika maabara ya wageni, na jibu lilingoja mtu wa kulirudisha. Mjomba wangu alikuwa mmoja tu wa waliofariki kabla ya jibu kufika.

PICHA INAYOSAFIRI

Wakati kioo kikiendelea kusafiri kwa ndege, huko Marekani palitokea wazo la kukiacha kioo mahali pake na kusafirisha picha yake. Mwaka 1968 hospitali moja kubwa ya Boston iliunganishwa kwa televisheni na kituo cha matibabu katika uwanja wa ndege wa mji huo, kilomita chache tu. Madaktari walitazama wagonjwa kwa mbali, na pamoja na hayo walitazama vioo vya damu katika kiwambo cha televisheni. Mwaka 1986 Ronald Weinstein alibuni jina la elimu hii, ambalo kwa Kiswahili tungeweza kusema patholojia ya mbali. Karibu na mwaka 1990 hospitali ya Tromsø, kaskazini ya Norway, ilikuwa ikisoma vioo vya hospitali ndogo zilizo mbali wakati mgonjwa yungali mezani akipasuliwa.

Lakini mitambo hiyo ilikuwa ghali. Ilihitaji hadubini zenye mota na nyaya za simu za nguvu kubwa. Kwa nchi kama Burundi, ambayo tangu 1993 ilikuwa imo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilikuwa kama hadithi ya nyota. Mabadiliko yalikuja kwa njia ya unyenyekevu zaidi. Mwaka 2001 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walianza kutumia programu iliyoitwa iPath. Fundi wa hospitali ya mbali alipiga picha chache za kioo kwa kamera ya kawaida, akazipeleka kwa intaneti, na wanapatholojia waliokuwa nchi mbalimbali walizitazama na kuandika maoni yao. Hospitali ya Honiara katika Visiwa vya Solomon, ambayo haikuwa na mwanapatholojia, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufaidika.

Jirani zetu wa Rwanda walikwenda hatua kwa hatua. Mwaka 2012 kilifunguliwa kituo cha saratani katika hospitali ya Butaro, kijijini kaskazini ya nchi hiyo. Kwanza vipande vilipelekwa Boston kusomwa. Kisha mafundi wa Butaro walifunzwa kutengeneza vioo wao wenyewe. Halafu picha za vioo zikaanza kupelekwa kwa intaneti badala ya vioo vyenyewe, na mwanapatholojia wa Boston akawa anazungumza na wenzake wa Butaro juu ya picha ile ile. Msomaji atambue mpango wa hatua hizo: kila hatua ilimwachia mtu wa Butaro kazi moja zaidi aliyoiweza.

SIMU JUU YA HADUBINI

Hatua ya mwisho ndiyo inayotuhusu zaidi sisi Waswahili, kwa sababu ilijaribiwa katika pwani yetu wenyewe. Mwaka 2013 zilichapishwa habari za uchunguzi uliofanywa katika kisiwa cha Pemba. Watafiti walichukua simu ya kawaida yenye kamera, wakabandika juu ya jicho la kamera gololi ndogo ya kioo, yenye upana wa milimita tatu hivi, kwa utepe wa gundi, wakaweka kioo chenye choo cha mtoto chini yake na tochi ya kumulika. Gololi ilikuwa ya dola chache tu. Walilinganisha walichokiona na yale yaliyoonekana kwa hadubini ya kawaida. Minyoo ya mchango ilionekana katika vioo 81 kwa kila 100 vilivyokuwa nayo. Minyoo ya mjeledi katika 54. Lakini minyoo ya safura ilionekana katika 14 tu. Sababu haikuwa ya ajabu. Yai la safura lina ganda jembamba, tena hufifia upesi baada ya kioo kutengenezwa. Gololi ya dola chache iliona yai nene na kupitwa na yai jembamba. Watafiti walisema kweli hiyo wazi, na kwa hiyo wanastahili sifa.

Katika bara la Tanzania, wataalamu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na mafundi wa Dar es Salaam wameshirikiana na vyuo vikuu vya Uingereza katika hadubini iitwayo OpenFlexure. Sehemu zake nyingi huchapwa kwa plastiki katika mashine maalumu. Plastiki hiyo hupindika kidogo kidogo na kukisogeza kioo kwa kipimo chembamba mno. Kamera ndogo na kompyuta ndogo hupiga picha, na picha hizo huunganishwa kuwa picha moja kubwa iwezayo kutazamwa kutoka mbali. Michoro yake iko wazi kwa kila mtu, na sehemu ikivunjika huchapwa nyingine papo hapo, bila ya kungojea meli.

Na huko Kinondo, katika kaunti ya Kwale kusini mwa Mombasa, kati ya 2018 na 2019 wanawake 740 wenye virusi vya UKIMWI walipimwa mlango wa kizazi. Vioo vyao vilipigwa picha nzima nzima kwa mashine ndogo, picha zikapelekwa kwa mtandao wa simu za mkononi, na kompyuta iliyofunzwa kazi hiyo ikaonyesha mahali penye shaka ili wataalamu walio mbali wapatazame kwanza. Safari ambayo chupa ya mjomba ilihitaji wiki nyingi, picha hizo zilisafiri bila ya msafiri wala uwanja wa ndege.

MAMBO AMBAYO UMBALI HAUPONYI

Mtu atasema: kama ni hivyo, shida imekwisha. Tupate simu, tupate intaneti, na wasomaji wa dunia nzima watatusomea. Mimi nadhani historia niliyoieleza inatuonya tusiseme hivyo, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba picha haiwezi kuwa njema kuliko kioo. Kipande kikioza kabla ya kutiwa dawa, au kikikatwa kinene, au rangi ikiwa mbovu, mtandao utalisafirisha kosa hilo kama lilivyo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kama tunavyoujua hapa Bujumbura, nta haiyeyuki yenyewe. Kwa hiyo simu ya bei nafuu haimwondolei mtu gharama ya fundi mzuri.

Sababu ya pili ni kwamba anayechagua mahali pa kupiga picha amekwisha kusoma nusu. Kioo kimoja kina mahali pengi mno, na picha chache haziwezi kupabeba pote. Fundi asiyejua ubaya ukoje atapiga picha mahali pema, na msomaji wa mbali atajibu kwa haki, "Sioni kitu." Ni kama mtu amwombaye mwalimu amfafanulie shairi, kisha akamsomea beti mbili tu alizozichagua gizani. Mashine za kupiga picha ya kioo kizima hupunguza shida hiyo, lakini picha zake ni nzito na huchukua muda mrefu kupita katika mtandao dhaifu.

Sababu ya tatu ndiyo ya mkaza mjomba. Jibu likipatikana kwa saa moja, kisha likalala mezani wiki tatu, au likafika kwa lugha asiyoijua mgonjwa na bila mtu wa kumweleza, umbali haujapungua. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mjomba wangu hakuficha maradhi yake. Aliyatoa shingoni, akayatia katika chupa, akayaweka mbele ya watu. Kilichofichika ni jibu.

Wengi wetu hapa tuliwakuta wazee wasiojua kusoma wakipeleka barua zao kwa jirani awasomee. Jirani mwema aliwasomea kwa uaminifu, na walimshukuru. Lakini posta ikipata magari mapya au barua zikifika kwa siku moja badala ya saba, mzee yule alibaki kuwa mtu wa kusomewa. Kilichombadilisha mjukuu wake ni shule. Basi na hadubini inayotazamwa kutoka mbali ni jirani mwema wa namna hiyo. Tumshukuru na tumtumie. Lakini tumwombe pia atufundishe anavyosoma, kioo kwa kioo, picha kwa picha, kama walivyofanya Boston na Butaro, mpaka siku ambayo tutampelekea vioo vigumu tu kwa ajili ya mashauri, kama Kampala ilivyopeleka vipande London huku ikiwatibu watoto wake.

Na sisi walimu wa Kiswahili tunayo sehemu yetu katika kazi hii. Jibu la hadubini lisilo na maneno ya kumwelezea mgonjwa ni nusu ya jibu. Nilipoifasiri karatasi ile mwaka 2004, nilikwama katika mstari wa pili kwa kukosa neno, nikasema "chembe mbaya", na mkaza mjomba akadhani ni uchafu ulioingia mwilini kwa chakula. Ilinichukua nusu saa kumwondolea wazo hilo, naye alikuwa amekwisha kuanza kujilaumu kwa mapishi yake. Kama tungekuwa tumeyazoea maneno haya mashuleni, kama tezi, chembe, saratani, kimelea na hadubini yenyewe, asingebeba mzigo usiokuwa wake juu ya msiba wake.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu aliyeuliza kama darubini na hadubini ni ndugu nilimrudia wiki iliyofuata. Nilimwambia kwamba ni ndugu, na kwamba siku hizi wanafanya kazi pamoja. Akaniuliza tena, "Mwalimu, mtu wa hapa anaweza kujifunza kuisoma hadubini?" Nikamjibu kwamba anaweza, na kwamba inachukua miaka mingi. Aliandika kitu katika daftari lake. Sikumwuliza ameandika nini, tukaendelea na somo.